Mjadala: Sadio Mané amejenga hospitali kwao Bambali. Je, tuna haki ya kuwadai wachezaji wetu?

Baraza la Jioni

Asalaam alaykum. Mwezi wa Agosti 2025, Wasenegali walipokuja uwanja wa Amaan, hapa Zanzibar, kwa mashindano ya CHAN na kuifunga Nigeria bao moja kwa bila, nilikwenda uwanjani na mpwa wangu wa miaka kumi, naye muda wote aliniuliza Sadio Mané amekaa wapi. Nilimweleza kuwa mashindano yale ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao tu, akanyamaza, kisha akauliza: "Basi yeye ndiye aliyejenga hospitali?" Mtoto hakukumbuka bao hata moja la mtu huyu, alikumbuka hospitali.

Kwa wasiojua, Mané amezaliwa 1992 na kukulia Bambali, kijiji cha kusini mwa Senegal upande wa Casamance. Baba yake, aliyekuwa imamu wa msikiti wa kijiji, alifariki yeye akiwa na miaka saba, na kijijini hapakuwa na hospitali. Alitoroka nyumbani akiwa kijana mdogo kwenda Dakar kutafuta mpira, akapita Metz ya Ufaransa, Salzburg, Southampton, hatimaye Liverpool, ambako alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya 2019 na Ligi Kuu ya Uingereza msimu uliofuata. Alipopata fedha alijenga skuli kijijini kwao, kisha hospitali iliyofunguliwa 2021 kwa takriban pauni nusu milioni za mfukoni mwake.

Swali langu ni hili: mchezaji aliyelelewa na mtaa, akafundishwa mpira katika viwanja vya mtaa, ana deni kwa mtaa huo au hana? Nauliza kwa sababu wa kwetu wakishavuka Chumbe kwenda Tanzania Bara hatuwaoni tena isipokuwa kwenye harusi, tena wamekuja na gari la kukodi.

Beki Mstaafu

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, umeandika maneno mazuri, kisha ukayatia shubiri mwishoni.

Mimi nilivuka Chumbe. Nilicheza Bara misimu sita, katika klabu ambayo sitaitaja kwa sababu viongozi wake wa leo si wale wa zamani. Msimu wa nne tulikaa miezi mitatu bila mshahara, tukila kwa mama ntilie kwa daftari, na nilipoumia goti nililetewa machungwa na kadi iliyosainiwa na watu wawili. Kwa fedha nilizopata nilisomesha watoto watatu wa dada yangu na nikamnunulia kaka yangu mashine ya boti, ambayo mpaka leo inakwenda baharini Nungwi. Hakuna aliyekuja kuipiga picha mashine ile.

Ama hilo gari la kukodi, ni kweli lilikuwa la kukodi, kwa sababu la kununua sikulipata. Nilikuja nalo kwenye harusi ya mdogo wangu ili mama yangu asione haya mbele ya wakwe. Ukitaka kunipima kwa Mané, nipe kwanza mshahara wa wiki moja wa Mané, halafu kaa kitako unihesabie.

Mpenda Takwimu

Nimemwelewa Beki, ila naomba tusisahau ukubwa wa mtu tunayemzungumza. Mei 2015, akiwa Southampton, Mané aliifunga Aston Villa mabao matatu ndani ya dakika mbili na sekunde 56, na hapajatokea aliyefunga matatu kwa haraka zaidi katika Ligi Kuu ya Uingereza. Katika Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ya 2022 alishika nafasi ya pili, na usiku huohuo akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Socrates, ambayo hutolewa kwa kazi za kijamii. Mtu wa daraja hilo si kipimo cha haki kwa beki wa ligi yetu.

Kama ni kulinganisha, mwenzetu wa karibu ni Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na hiyohiyo Aston Villa mwaka 2020. Yeye na msanii Alikiba wameandaa mechi za hisani kwa ajili ya kuchangia skuli. Kwa hiyo mfano wa karibu tunao, na ni mfano wa nahodha wetu.

Muuguzi wa Zamu

Asalaam alaykum nyote. Nafanya kazi katika kituo cha afya Pemba, na naomba kuuliza jambo ambalo sijaona mtu akiligusa. Hospitali ya Bambali ilipokaribia kufunguliwa, Mané mwenyewe alikwenda kuonana na Rais Macky Sall, na mojawapo ya mambo aliyoyapeleka lilikuwa msaada wa serikali katika kupata wahudumu. Yaani aliyekuwa na fedha za kujenga kuta aliona kwamba mkunga, dawa na mafuta ya jenereta ni jambo la kila mwezi, na mpira ni kazi ya miaka kumi na mitano ukijaaliwa. Sasa sisi tunapowadai wachezaji majengo, mshahara wa mkunga tunamdai nani?

Mtoto wa Gombani

Mpenda Takwimu, umesema "nahodha wetu" kwa wepisi sana. Nahodha wetu alikuwa Nadir Haroub Cannavaro, Mzanzibari aliyeilinda ngome ya Taifa Stars kwa miaka, na Januari 2016 kitambaa cha unahodha kikavuliwa mkononi mwake kikapewa Samatta, na yeye akaamua kuachana na timu ya taifa. Kabla ya kutuuliza wachezaji wetu wametoa nini, tuulizane kwanza wamepewa nini.

Mpenda Takwimu

Ndugu Gombani, kocha Mkwasa alimpa unahodha kijana aliyekuwa ametoka kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe, akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo, na mwezi huohuo kutangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Ungekuwa wewe kocha, ungefanyaje? Mimi nampenda Cannavaro, lakini kitambaa si pensheni.

Mtoto wa Gombani

Ningemwita mtu mzima chemba nikazungumza naye, ndivyo ningefanya. Huku kwetu hata kuku wa jirani hachinjwi kabla ya mwenyewe kupigiwa hodi. Sikusema Samatta hakustahili. Nimesema kuwa namna ya kumvua mtu heshima inaonekana na kila kijana wa Chake na wa Mjini anayeota kuvaa jezi ile, na anajifunza kutokana nayo.

Beki Mstaafu

Hapo Gombani umesema kweli tupu. Mimi nilikuwa bado nacheza wakati ule, na chumba chetu cha kubadilishia nguo kiligawanyika kwa wiki mbili nzima juu ya kitambaa kile.

Maalim wa Kikwajuni

Wanangu, mmehamia kwenye kitambaa, na hospitali mmeiacha Bambali peke yake.

Mimi lililonigusa ni jingine. Septemba 2018 ilienea video ya Mané akisafisha vyoo vya msikiti mjini Liverpool, saa chache baada ya kuwafunga Leicester, tena yeye mwenyewe akiwa mmoja wa waliofunga. Nilifurahi kama mzazi, kisha nikajiuliza kama tuna haki ya kuiona. Mwenyezi Mungu anatwambia katika Suratul Baqara, aya ya 271, kwamba tukizidhihirisha sadaka ni vizuri, na tukizificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi kwetu. Baraza, wewe husemi kuwa wachezaji wetu hawatoi, unasema hatuwaoni wakitoa. Mashine ya boti ya Beki tumeijua leo tu, tena kwa sababu umemchokoza. Ni wangapi wamelipa deni la dawa la jirani na wakaondoka usiku? Mimi ninamjua mmoja, na sitamtaja hata mkinibembeleza.

Baraza la Jioni

Maalim wangu, nakubusu mkono, lakini aya hiyohiyo imeanza kwa kusema kuwa kudhihirisha ni vizuri. Mwenye kuonekana huwavuta wengine. Mpwa wangu hakuambiwa na mtu habari za sadaka ya siri, ila habari za Bambali zimemfikia hapa Mwembetanga. Tena hospitali utaifichaje? Utaijengea pangoni?

Maalim wa Kikwajuni

Pango si lazima, Baraza. Kuacha jina lake ukutani kunatosha.

Binti Makunduchi

Nimesoma kimya tokea asubuhi, sasa naomba nami nafasi. Kwanza, harusi si jambo la kudharauliwa. Mchezaji anapokuja harusini huku kwetu, anatoa tunzo, anachangia mchele na ng'ombe, na jikoni wanakula watu ambao wiki ile hawakuonja nyama. Baraza, wewe ukija unakula na kuondoka, hujui nani kanunua. Waulize wanawake walioko jikoni.

Pili, mnapomtaka mchezaji ajenge hospitali, mnamfanya serikali. George Weah wa Liberia alipendwa hivyo hivyo, mchezaji bora wa dunia wa 1995, mpaka watu wakampa nchi yenyewe akawa rais kuanzia 2018. Katika uchaguzi wa 2023 watu walewale wakamtoa kwa kura, kwa kuwa hapo hakupimwa tena kwa mabao. Mchezaji akishaichukua kazi ya serikali, tutamlalamikia kama tunavyoilalamikia serikali, na kijana wa watu alitaka kucheza mpira tu.

Mtoto wa Gombani

Dada wa Makunduchi, hapo ndipo ninapotaka tufike. Mané aliifungia Senegal penalti ya mwisho dhidi ya Misri mwezi wa Februari 2022, nchi yake ikatwaa Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, tena baada ya kukosa penalti mwanzoni mwa mchezo uleule. Mtu wa namna hiyo akirudi kijijini anarudi na bendera. Sisi Wazanzibari tulipewa uanachama wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017 kule Addis Ababa, watu wakalia kwa furaha Darajani, na Julai ya mwaka uleule kule Rabat tukanyang'anywa. Miezi minne! Mchezaji wetu hawezi kuifungia Zanzibar penalti ya Kombe la Afrika hata akiwa na miguu ya dhahabu. Kinachomfunga na kwao ni mama yake na jamaa zake, kwa hiyo anawapa mama yake na jamaa zake, nanyi mnamwita mchoyo.

Mpenda Takwimu

Nataka kukupinga kwa jambo moja. Hospitali ilifunguliwa 2021, na kombe lilikuja 2022. Bendera haikujenga kitu, aliyejenga ni mtoto aliyefiwa na baba. Mané amewahi kueleza kuwa hata dada yake alizaliwa nyumbani kwa kuwa hospitali haikuwapo. Jambo la namna hii halihitaji CAF. Na Zanzibar Heroes, timu yetu ya Zanzibar, hawakukosa jukwaa kabisa, kwani walitwaa Kombe la Chalenji la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995, na Desemba 2017, baada ya huko kunyang'anywa uanachama, walifika fainali Machakos wakashindwa na Kenya.

Muuguzi wa Zamu

Naomba radhi kurudia. Mpenda Takwimu umetaja dada yake Mané kuzaliwa nyumbani, nami ndilo ninalolishughulikia kila wiki, basi nitalieleza kwa mfano wa hapa hapa.

Nyote mnaijua Dispensari ya Tharia Topan pale Mizingani, ile nyumba yenye baraza za mbao zilizonakshiwa ambayo wageni hawapiti bila kuipiga picha. Tajiri yule aliweka nia ya kujenga hospitali ya maskini, jiwe la msingi likawekwa 1887, naye akafariki 1891 jengo halijakamilika. Baadaye dawa zilitolewa pale kwa miaka mingi, kisha zikakoma. Leo jengo linang'aa, mbao zimetiwa rangi, na ukienda na mtoto mwenye homa utaelekezwa Mnazi Mmoja. Kuta zimedumu miaka zaidi ya mia moja, tiba haikudumu nazo.

Huku niliko wananchi walichanga wakajenga chumba cha kujifungulia. Mchezaji mmoja alitoa saruji, na Maalim atafurahi kusikia kuwa hakutaka atajwe. Chumba kilipakwa chokaa, kikawekewa pazia, na kwa mwaka mmoja na zaidi kilikuwa ghala la madawati kwa sababu mkunga alikuwa mmoja, naye hawezi kuwa vyumba viwili kwa wakati mmoja. Sina ugomvi na aliyetoa saruji. Nauliza tu: tunapoandika orodha ya madeni ya mchezaji, mkunga wa pili yuko katika orodha ya nani?

Beki Mstaafu

Bibi Muuguzi, maneno yako yamenikumbusha uwanja wetu wa mtaani. Nilitoa nyavu za magoli mara mbili. Mara ya kwanza zilikatwa zikawa za kuvulia dagaa, mara ya pili zilikwenda kufunika bustani ya mchicha. Sikuzitoa mara ya tatu, na mpaka leo kuna mzee akiniona ananiambia nimeusahau mtaa.

Binti Makunduchi

Beki, umenichekesha peke yangu mpaka watoto wamenikodolea macho. Angalau mchicha ulikua.

Baraza la Jioni

Nimesoma yote, na kabla ya kitu kingine namtaka radhi Beki kuhusu gari. Sikumkusudia yeye, kwani sikujua kama yumo humu, ingawa najua kuwa hiyo si ithibati ya adabu.

Lakini bado nina neno langu. Tokea Mapinduzi ya 1964 tumelelewa tukijua kuwa skuli na matibabu ni jukumu la serikali, nami nimesoma bure na nimetibiwa bure, sikatai. Hospitali mpya za wilaya zimejengwa Unguja na Pemba miaka ya karibuni. Pamoja na hayo, kuna kitu ambacho serikali haiwezi kumpa mpwa wangu, nacho ni kumwona mtu aliyetoka katika vumbi kama lake akigeuka nyuma. Kwa hiyo swali langu huenda lilikuwa hili: mchezaji asidaiwe hospitali, bali adaiwe kurudi. Aje Jumamosi moja, avue viatu, acheze na watoto uwanjani, aondoke zake. Hilo nalo ni ghali?

Beki Mstaafu

Radhi nimeipokea, ndugu yangu, moyo umetulia. Lakini umebadilisha swali katikati ya safari, na abiria wote tumo ndani. Ulianza na deni la mtaa na pauni nusu milioni, sasa unataka Jumamosi moja.

Kurudi nitarudi, goti likikubali. Ila nikueleze kwa nini wengi hawarudi. Mchezaji akionekana uwanjani, kufika Magharibi ameshaombwa na watu kumi na mmoja, timu kamili: ada ya skuli, jezi, nauli ya kuvuka, bati. Wote wana haki na wote wana shida ya kweli. Akimpa wa kwanza na akamnyima wa saba, wa saba ndiye atakayesimulia barazani. Mané mwenyewe amekaa mbali na Bambali muda mwingi wa maisha yake ya soka, na nadhani umbali ule ulimsaidia kukusanya fedha za jambo moja kubwa badala ya kuzigawa kwa mambo madogo elfu. Sisi tulio mwendo wa boti tu hatuna ukuta huo.

Maalim wa Kikwajuni

Beki amesema jambo ambalo wazee wetu walilijibu kwa wakfu. Aliyekuwa na mashamba ya mikarafuu aliweka shamba moja wakfu kwa msikiti au kwa chuo cha Kurani, msimamizi akawa mwingine, na mwenye mali akaondokana na kero ya kuombwa mlangoni. Mavuno ya kila msimu yalilipa mafuta ya taa na posho ya mwalimu, hata mwenyewe alipokwisha kufariki. Na hili, Bibi Muuguzi, ni karibu na unalouliza, ijapokuwa mkunga hutaka zaidi ya mafuta ya taa. Kamisheni ya Wakfu ipo, na sioni kwa nini mchezaji asiweke kitu kidogo chenye kuzaa badala ya jengo lisilo na mtu ndani.

Muuguzi wa Zamu

Ahsante Maalim, wewe ndiye wa kwanza kulijibu. Lakini karafuu hupanda na kushuka bei, na kuna miaka mikarafuu haizai kabisa, ilhali akina mama hawana mwaka wa mapumziko. Kwa hiyo narudi palepale: kitu hicho chenye kuzaa kisipozaa, nani anakuja? Wenye majibu naomba mniandikie kwa urefu nitayasoma kesho, kwani naingia zamu ya usiku na niko peke yangu.

Mtoto wa Gombani

Bibi Muuguzi, nimekusoma na nitarudi kwako. Lakini kwanza naomba Mpenda Takwimu afute pale alipoandika kuwa Zanzibar "ilishindwa" Machakos. Mchezo ulimalizika mbili kwa mbili, na mikwaju ya penalti ni jambo jingine kabisa.